Sharti la Mlango

"Mlango wa nyumba unayolala hufunguliwa kwa sharti gani?" Swali hilo niliulizwa na mwalimu wa kompyuta mbele ya darasa zima, na sikuwa na jibu. Wakati ule nilikuwa msichana wa chuo kikuu niliyezoea kuwa na jibu, au nikilikosa, kumrudishia muulizaji swali lingine hadi achoke. Nilikuwa nimeshawachosha mapadri, wahadhiri wa hesabu na mchumba mmoja. Lakini siku ile niliangalia penseli yangu, nikasikia jenereta ya duka la jirani ikikohoa, na mwalimu akasema haya, nenda ukaangalie vizuri, uje uandike.

Nimelikumbuka swali hilo kwa sababu Mama Zaituni, mwenye mlango huo, amefariki. Nilishuka kutoka Gihosha ninakoishi kwenda Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa mji wetu, kwa ajili ya dua ya arobaini, nikavua viatu kizingitini pamoja na wanawake wengine, nikaketi kwenye mkeka katika chumba kilekile ambacho niliishi mwaka wa vikwazo. Sasa kina vigae na televisheni kubwa iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Ukuta wa upande wa ua umesogezwa. Lakini mwanga bado unaingia kwa mshazari kupitia tundu zile zile za juu ya mlango, na harufu ya tangawizi ni ile ile. Nikiwa pale, katikati ya Yasini ambayo siifahamu na manong'ono ninayoyafahamu, nilijikuta namjibu mwalimu wangu kichwani, miaka mingi baada ya yeye kuacha kungoja.

Habari za wazazi wangu na kwetu tulikotoka naziacha. Ziko mahali pengine. Inatosha kusema kwamba mwaka ule mipaka ilikuwa imefungwa, sukari ilikuwa ikipimwa kwa kijiko, petroli ilikuwa ikiuzwa kando ya barabara kwenye chupa za bia, na chuo kilikuwa kikifunguliwa na kufungwa kadiri milio ya bunduki ilivyosogea karibu na mabweni. Asubuhi moja watu nisiowajua walikuja kitivoni wakaniulizia kwa jina langu kamili, pamoja na jina la baba yangu. Mfagizi alinionya kabla sijafika ngazini. Sikurudi chumbani. Mwenzangu wa darasa aliwahi kuniambia kuwa Buyenzi kulikuwa na mama mmoja anayepangisha kitanda kwa wasichana bila maneno mengi, akanielekeza mtaa na rangi ya mlango. Nilitembea katika mvua hadi huko na mfuko mmoja. Mitaa ya Buyenzi imenyooka, unaiona hadi mwisho wake, na mtu anayetembea peke yake katikati ya barabara huonekana na kila mtu. Nilijihisi kama nimevaa taa.

Nilibisha. Kabla sijapiga hodi ya pili, mlango ulifunguka. Mwanamke mnene, mwenye kanga ya njano, alinivuta ndani kwa kiwiko, akanivua koti, akanipa kanga kavu, akanikalisha. Zikaja chai ya tangawizi isiyo na sukari, bugali, ndiyo ugali wa kwetu, na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizokaangwa na nyanya. Hakuniuliza kitu. Alikaa mbele yangu akinitazama ninavyokula, akisukuma sahani ya ndagala karibu yangu kila niliposita, na binti yake alisimama nyuma yake amekunja mikono. Nilipomaliza ndipo akasema, "Sasa, mutoto wangu, unaitwa nani?"

Nikasema Espe. Akangoja kidogo kama kulikuwa na zaidi. Hakukuwa. "Espe inatosha," akasema, na akamwambia binti yake anionyeshe kitanda.

Binti huyo ndiye Zaituni, rika langu, aliyeacha shule kwa sababu ya vita, akawa anashona mito kwa cherehani ya mama yake. Tulilala chumba kimoja. Alikuwa na ulimi mkali na mikono ambayo haikutulia. Baba yake alikuwa amekwama Kigoma na bidhaa zake, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, na usalama wetu ulikuwa kufuli moja na pao la chuma linalowekwa nyuma ya mlango. Katika wiki za kwanza niligundua kuwa mapokezi yangu hayakuwa ya bahati. Kila aliyebisha alifunguliwa hivyo hivyo: mlango, mkeka, sahani, na mwisho jina. Muuza makaa, mjane kutoka Kinama, fundi aliyepotea njia, wote. Mimi niliyekuwa nikiuliziwa na watu nisiowajua mjini, nilikuwa nimelala nyuma ya mlango usiouliza kitu. Nilianza kuhesabu mara ngapi kwa siku moyo wangu unasimama, kisha nikaacha.

Kituo cha kompyuta kilikuwa katikati ya mji, ghorofa ya juu ya duka la vitambaa. Chuo kilipofungwa tena, baadhi yetu tulipewa nafasi pale ili tusipotee kabisa. Mwalimu wetu, Prof Melkiori, alikuwa amesoma nje, mahali penye theluji, akarudi na sweta ambalo hakuwahi kulivaa na tabia ya kusubiri jibu kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kompyuta zilikuwepo, zimefunikwa nailoni kama maiti wa heshima. Umeme haukuwepo, au ulikuwepo kwa muda wa kukufanya uondoe nailoni. Nguzo zilikuwa zinaangushwa huko milimani, na sisi tulijifunza kuandika programu kwa penseli. Ndiyo maana, nadhani, tulijifunza vizuri.

Prof aliita jambo lile pseudo-code. Leo nikiwafundisha wanaoanza nasema msimbo bandia, lakini maelezo yangu bado ni yake. Alisema si lugha ya mashine, wala si lugha ya mtu anayesimulia. Ni lugha ya mtu anayemwachia maagizo mtu mwingine ambaye hatamwona tena na ambaye hatakuwa na nafasi ya kuuliza. Andika tendo moja kwa mstari mmoja. Kinachofanyika ndani ya sharti kisogeze ndani ya ukurasa, ili jicho lione kipo chini ya nani. Sharti liwe kitu ambacho ni kweli au si kweli, hakuna katikati. Usitumie kitu ambacho hukukitaja. Andikeni kwa lugha mnayoota kwayo, alisema, Kifaransa, Kirundi, Kiswahili, mashine yenyewe haijali na mimi nazisoma zote. Wengi waliandika kwa Kifaransa kwa sababu ndiyo lugha ya mitihani. Mimi niliandika kwa Kiswahili, kwanza kwa ubishi, baadaye kwa sababu Zaituni ndiye aliyekuwa mashine yangu.

Jioni, kabla ya muda wa amri ya kutotoka nje, tulikaa uani nikamsomea maagizo naye akayatekeleza kama yalivyo, bila huruma. Zoezi la kwanza lilikuwa kutengeneza chai. Nilisoma: chukua sufuria. Akachukua. Weka juu ya moto. Akaweka. Maji yakichemka, tia majani. Akasimama na majani mkononi, ameikodolea macho sufuria tupu inayoanza kutoa moshi.

"Tia basi," nikasema.

"Maji haijachemka."

"Hakuna maji humo, Zaituni."

"Mi najua haiko maji. Lakini mashine haijui. Mashine inangoja." Akaendelea kungoja mpaka mama yake alipotoka jikoni akauliza ni nani aliyewalea hawa, wanaounguza sufuria wakati wa vikwazo hivi. Zaituni akamjibu kwamba muuaji wa sufuria ni msomi wa universite, yeye alitumwa tu.

Kosa langu lilikuwa la kila anayeanza: kudhani kwamba kilichomo kichwani mwangu kimo pia kwenye karatasi. Lakini darasani kulitokea kosa jingine, ambalo sijaliona katika kitabu chochote cha wageni, na ambalo nimelikuta tena na tena kwa wanafunzi wangu wa hapa. Prof alitupa kazi ya kuandika kitanzi, yaani maagizo yanayorudiwa madamu sharti fulani ni kweli. Alisema, andikeni namna ya kumlisha mgeni hadi ashibe. Karibu darasa zima tuliandika kitu cha namna hii:

ANZA
   Weka sahani yenye chakula mbele ya mgeni
   MADAMU mgeni anasema hajashiba
      Ongeza chakula
   MWISHO WA MADAMU
   Ondoa sahani
MWISHO

Prof alisoma karatasi moja baada ya nyingine, akaziweka mezani, akasema kwa upole kuwa wageni wetu wote wamekufa kwa njaa. Kisha akangoja. Hakuna aliyeelewa. Akamwita mvulana wa mbele, akamwambia yeye ni mgeni, hii hapa sahani, umeshiba? Mvulana, bila kufikiri, akajibu kama alivyolelewa: ndiyo, nimeshiba, asante sana. Prof akaiondoa sahani ya kuwaziwa kabla mgeni hajaigusa. Darasa likacheka hadi mwenye duka akagonga dari kwa fimbo. Sisi sote tulijua kwamba mgeni wa Kirundi husema ameshiba hata kama hajala tangu jana, na kwamba mwenyeji hamsikilizi, anapakua tu. Tulilijua hilo kiasi kwamba hatukuona haja ya kuliandika. "Mmepima mdomo," Prof alisema. "Pimeni sahani. Sharti lazima lipime kitu kisichoweza kukudanganya." Niliandika maneno hayo kwenye kiganja changu kwa wino, na Zaituni alipoyaona akauliza kama siku hizi tunajifunza uchawi.

Hapo ndipo likaja swali la mlango. Prof aliona kuwa sasa tunaweza kuandika utaratibu wa kweli, si wa chai, na akachagua mlango kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa analala nyuma ya mmoja, na kila mmoja alikuwa ameufikiria. Alitaka tuandike mlango unavyofunguliwa kwa hakika, si unavyopaswa kufunguliwa. Nilipokwenda nyumbani kuangalia vizuri kama nilivyoagizwa, nilipata jambo la kunitia hofu zaidi. Sharti halikuwepo.

Wiki hiyo hiyo alikuja mtu mmoja alasiri. Tangu asubuhi milio ilikuwa inasikika upande wa Kinama, maduka yamefungwa, mtaa uko tupu. Alibisha kwa mkono mzito. Mama Zaituni alikuwa anakata mboga za lengalenga. Alinyanyuka, akafuta mikono, akafungua. Mtu huyo alikuwa na buti za kijeshi na koti la kiraia, na hakumtazama mtu usoni. Akapewa mkeka. Akapewa maharage na chapati iliyokuwa ya chakula chetu cha jioni. Alikula akiwa amegeuza mgongo kwenye ukuta, na alipomaliza alinitazama mimi, akaniuliza kwa Kirundi natoka mlima gani. Kwetu kila ukoo una mlima wake, na hilo si swali dogo. Mwaka ule, mtu akishajua mlima wako na jina la babu yako, anajua wewe ni wa upande gani. Mama Zaituni, akiwa bado na majani ya mboga kwenye vidole, akajibu kwa Kiswahili kwamba huyu ni mtoto wake, na mlima wake ni hapa Buyenzi ambako ni tambarare. Yule mtu akatabasamu kidogo, akashukuru, akaondoka. Hatukuwahi kumwona tena.

Nilingoja kufuli lirudi mahali pake, ndipo nikasema yote niliyokuwa nayo. Nilimwambia Mama kuwa siku moja mlango huu utatuua. Nikamwambia kwamba kuna mpangilio wa mambo: kwanza unauliza ni nani, halafu unafungua, na si kinyume chake, na kwamba kuuliza jina la mtu akiwa ameshakaa ndani hakuna maana yoyote, ni kama kufunga zizi wakati fisi yuko ndani anakula. Nilitumia maneno ya Prof. Nilisema kila utaratibu unahitaji sharti. Zaituni alikuwa ameshika chapati iliyobaki, hajui kama ni heshima kuila.

Mama Zaituni hakukasirika. Alirudi kwenye mboga zake. "Sikiliza, Espe," akasema. "Nikiuliza mbele ya kufungua, mutu atajibu nini? Mutu mwenye njaa na woga anakuambia ile unataka kusikia. Akisha kula, ndiyo anasema ile ya kweli. We ulisema Espe tu. Ungekuwa inje, ungesema jina gani?"

"Lakini akiwa ni muuaji, Mama?"

"Basi atakuwa muuaji mwenye ameshiba kwangu. Ni ngumu kidogo kwake."

Nilimwambia hiyo si hoja. Akasema apana, siyo hoja, ni chakula. Na hapo mazungumzo yakaisha, kwa sababu adhana ilikuwa imeanza naye akaenda kutawadha. Sikushawishika. Sijashawishika hata leo kuwa muuaji aliyeshiba ni mwema kuliko mwenye njaa. Nimeishi katika nchi hii na nimeona waliokula pamoja wakauana. Lakini usemi wake kuhusu mdomo wa mtu aliye nje ulinisumbua, maana ulikuwa karibu sana na maneno niliyokuwa nimeyaandika kiganjani.

Niliandika zoezi kama nilivyoona, kwa uaminifu na kwa hasira:

ANZA
   Fungua mlango
   Mpe pa kukaa
   Mpe chakula
   Uliza jina
MWISHO

Prof alinirudishia karatasi na mstari mmoja wa wino mwekundu: Sharti liko wapi? Baada ya darasa alinibakiza. Umeme ulikuwa umekatika tena, na alikuwa anazifunika kompyuta moja moja kwa uangalifu wa mtu anayelaza watoto. Aliniambia kwamba nimeandika karama, si utaratibu. Katika mji huu, kwa hali hii, hakuna nyumba inayofungua bila sharti na ikabaki imesimama. "Ama hukuangalia, ama wanakuficha," akasema. Nikajibu kwa ukali kwamba nimeangalia kwa macho yangu. Akasema basi kuna uwezekano wa tatu, kwamba uko hatarini, na kama ni huo, dada yake alikuwa na nyumba Kigobe, yenye ukuta, mlinzi na geti ambalo halifunguki mpaka jina liitwe ndani na mtu wa ndani aseme anamfahamu. Kilikuwepo chumba. Hakunitaka nijibu palepale. Alisema tu kwamba waliokuja kitivoni walikuwa wamerudi tena wiki iliyopita, na safari hii waliuliza pia mimi ni rafiki wa nani.

Kwa hiyo haikuwa tena habari ya alama za darasani. Nilikuwa nachagua kati ya mlango unaouliza na mlango usiouliza, na kama ningekosea, kosa lenyewe lingenifikia kwa miguu yake. Niliporudi Buyenzi nilianza kukunja nguo. Zaituni aliingia akakuta mfuko kitandani. Hakulia wala kunisihi, hiyo haikuwa tabia yake. Aliketi kwenye kitanda chake, akaniuliza ni wapi. Nikamweleza Kigobe, ukuta, mlinzi, geti. Alisikiliza hadi mwisho kama anavyosikiliza maagizo yangu ya chai.

"Ni muzuri," akasema. "Na siku ile ya mvua, kule Kigobe wangekufungulia?"

Nikamwambia hayo ni mambo mengine. Akasema sawa, yeye ni mashine, anauliza tu.

Prof alikuwa ametufundisha jambo la kufanya kabla ya kuamini utaratibu wowote. Unachukua penseli, unachora jedwali, unaweka thamani halisi ndani, kisha unapita mstari kwa mstari ukiandika kinachobadilika. Usisome unachokitaka, alisema, soma kilichoandikwa. Nilifanya hivyo juu ya kitanda, mfuko ukiwa umefunguka pembeni. Niliandika mlango wa Kigobe, ambao kwa kweli ulikuwa mlango wangu mwenyewe, ule niliomtaka Mama Zaituni awe nao:

ANZA
   Uliza jina
   KAMA jina linajulikana ndani BASI
      Fungua mlango
   LA SIVYO
      Kaa kimya
   MWISHO WA KAMA
MWISHO

Kisha nikatafuta thamani ya kuweka. Nilianza na mtu mwenye buti. Halijulikani, kaa kimya. Vizuri. Nikaweka mjane wa Kinama. Halijulikani, kaa kimya. Hapo nilisita kidogo, nikaendelea. Halafu nikaandika kwenye safu ya jina: Espe. Nikapita mstari wa kwanza. Jina limeulizwa. Nikapita wa pili. Je, linajulikana ndani? Si kweli. Penseli ikashuka yenyewe hadi LA SIVYO, na kwenye safu ya mlango nikaandika: umefungwa. Nilikaa nikiitazama ile karatasi. Utaratibu ulikuwa sahihi. Haukuwa na kosa hata moja la mpangilio, Prof angenipa alama zote. Na ulikuwa umeniacha mtaani kwenye mvua, na watu wanaouliza jina la baba yangu.

Nilirudisha nguo kwenye kamba. Zaituni aliona, akaenda kumwambia mama yake aongeze unga. Kesho yake nilimwambia Prof kwamba nakaa. Alinitazama kwa ule muda wake mrefu, akasema ni sawa, mtu ana haki ya kuishi ndani ya utaratibu asiouelewa, ila asiuwasilishe kama zoezi. Hakunipa alama. Nilikaa Buyenzi mwaka mzima na kidogo zaidi, hadi chuo kilipofunguliwa kwa kweli na watu wale wakapata mambo mengine ya kufanya, au wenyewe wakawa wanatafutwa. Umeme uliporudi na tukaruhusiwa kugusa mashine, programu zangu zilikuwa zinakubali mara ya kwanza, kwa kuwa zilikuwa zimeshatekelezwa uani na msichana asiye na huruma. Hiyo ndiyo kazi iliyonilisha hadi leo. Na kwa miaka yote hiyo nimewasimulia wanafunzi wangu habari ya nyumba iliyofungua mlango bila sharti, ili wajue kwamba si kila kitu kinachofanya kazi kinaandikika. Walikuwa wanaipenda. Mimi pia niliipenda, nakiri, ingawa sehemu ya akili yangu iliyomchosha kila mtu iliendelea kusema kuwa Prof hakujibiwa.

Basi nikiwa kwenye mkeka, siku ya dua, watu walipokuwa wamepungua na sinia za pilau zinaoshwa uani, nilimsimulia Zaituni habari hiyo. Sasa ni mwanamke mnene kama mama yake, anauza vitenge, ana wajukuu. Nilimwambia jinsi ninavyomtaja mama yake darasani, mwanamke asiyeweka sharti mlangoni. Nilidhani atafurahi. Aliniangalia kama alivyoangalia ile sufuria tupu.

"Bila sharti? Nani alikuambia?"

Ndipo akaniambia habari za Fundi Rama. Katika kurasa hizi sijamtaja, kwa sababu katika mwaka wote ule sikumhesabu kuwa wa nyumba yetu. Alikuwa makanika wa ng'ambo ya barabara, mwenye gari bovu juu ya matofali, na tangu asubuhi hadi jioni alikuwa akigonga chuma kama makanika wote wa Buyenzi, kelele ambayo baada ya siku mbili husikii tena. Kutoka pale aliuona mtaa hadi mwisho wake. Mtu akikaribia mlango wetu, Rama alipiga rimu ya gari iliyoning'inia pembeni mwa banda: polepole, ikiwa hakuona ubaya; harakaharaka, ikiwa ameona kitu. Kwa hiyo mkono wa Mama ulipofika kwenye kufuli, swali lilikuwa limeshaulizwa na kujibiwa nje. Ilipolia ya harakaharaka, Mama alituita wote uani kuchambua maharage na kumsimulia habari za chuo, hodi zikapigwa hadi zikachoka bila mimi kuzisikia. Nilikumbuka maharage yale. Nilikuwa nimeyaona kuwa upendo wa Mama kwa elimu.

Yule mwenye buti, Rama alimfahamu. Alikuwa dereva wa kwenda Gatumba, buti alizinunua mnadani. Rama akampigia polepole.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia. Zaituni akacheka hadi akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Mama alikataza. Alisema Espe akijua ataenda kumuuliza Rama anapima nini, na nani anamuangalia Rama. Angeharibu kazi." Halafu akakunja ile ncha ya kanga mara kadhaa, na akaniambia lile ambalo nadhani alikuwa hajamwambia mtu. Siku ya mvua, kama Rama alivyowaambia baadaye, wanaume wawili walikuwa nyuma yangu tangu sokoni, nami sikuwaona. Rama alipiga ile ya harakaharaka, kwa nguvu, mtaa mzima ulisikia. Zaituni alimshika mama yake upindo wa kanga kumvuta uani. Mama alikuwa amesikia vizuri. Alivibandua vidole vya Zaituni kimoja kimoja, akaenda, akafungua.